Uani Ni Kwetu, Msituzibie



Mwezi uliopita nilitoka Ngara na sanduku langu kwenda kumvisha bibi harusi Biharamulo. Gauni nilishona wiki tatu, shanga moja moja kwa mkono. Kufika ukumbini, madirisha wazi, wahudumu wanaume, mpiga picha mwanamume. Mwali wangu hakuvua baibui mpaka tunaondoka. Niliumia.

Na mji huohuo una Boma la Wajerumani, la mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta nene zinazunguka, katikati ua ulio wazi juu. Wao walijenga ngome. Mimi nikiitazama naona sitara.

Tatizo, tukisikia "kuboresha" jengo la kale tunawaza saruji, mabati na maegesho ya magari. Hapo nakataa. Ua ukiezekwa unakuwa ukumbi kama kumbi nyingine, joto lilelile. Na ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji, unyevu unanasa ndani. Chokaa inauacha upumue.

Nyinyi wa visiwani mna mfano mlangoni. Ua wa Ngome Kongwe, Unguja, mwaka 1949 ulitengenezwa uwe klabu ya akina mama. Miaka ya 1990 ukawekwa jukwaa la maonyesho. Matumizi yamebadilika, kuta ni zilezile. Na kule Granada, Hispania, Waislamu wa karne ya 14 waliweka chemchemi katikati ya ua wa Alhambra, nguzo zikiuzunguka. Bustani ya ndani si jambo geni kwetu.

Basi nyua za kale tuzitengeneze hivi. Udongo ubaki udongo, upandwe asumini na mrehani, vikuba tuvichume palepale. Kivuli kitoke kwenye miti. Mabenchi yafuate ukuta, mama zetu wakae. Mvua ikija, turubai la kukunja linatosha. Mlangoni pawe na pazia zito kwenye nguzo za kusimamisha, bila kutoboa ukuta. Hiyo ni kazi ya cherehani, hata mimi naiweza. Na siku moja kwa wiki iwe ya wanawake peke yao. Siku nyingine waje wote.

Mtasema harusi ni siku moja tu. Ni kweli, lakini mwanamke anahitaji pa kukaa kila siku: kusoma darsa, kunyonyesha, kucheka na wenzake bila kujifunika.

Wanaume wana baraza. Sisi tuachieni uani, na msiuzibe.