Kipkelion, Kijiji Kilichozaliwa na Reli

Sisi wa Longisa hatuna reli. Mizigo yetu hupita kwa motokaa katika barabara ya Bomet na Narok, na mtu wa kwetu atakaye kuona stesheni hana budi kuvuka nchi ya chai ya Kericho mpaka afike Kipkelion. Kijiji hicho ni kidogo, lakini habari zake zina mafunzo kwetu.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika Kisumu. Iliposhuka kutoka milima ya Mau iliacha vituo njiani: Londiani, Lumbwa, Fort Ternan na Muhoroni. Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Jina lile la kwanza halikuwa la wenyeji; Wamasai na wageni ndio waliowaita Wakipsigis hivyo. Na kwa kuwa Kericho haikupata reli, stesheni ya Lumbwa ikawa mlango wake.

Gari la moshi halikuleta mizigo tu, lilileta watu pia. Katika vibarua wapatao 32,000 waliotoka India kujenga reli, kiasi cha 6,700 walibaki katika nchi hizi, na wenzao wenye maduka wakafuata njia ile ile. Wakaja makarani, wachukuzi na wakulima wa makabila mengine. Hivyo ndivyo vijiji vya reli vinavyokua: wenyeji na wageni hukutana sokoni.

Mwaka 1931 reli nyingine, ipitayo Eldoret, ilifika Kampala, na njia ya Kisumu ikawa tawi tu. Baadaye malori yalichukua mizigo mingi, na treni ya abiria ikakoma kwa miaka kadhaa, ikarudi Desemba 2021.

Je, reli ndiyo iongezayo watu? Tutazame hesabu. Kabla ya mwaka 1948 idadi ya Waafrika wa Kenya ilikisiwa kwa vitabu vya kodi ya vibanda. Mwaka huo ndipo walipohesabiwa mtu kwa mtu. Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ya Kericho ilikuwa na watu 901,777, na Bomet, isiyo na reli hata maili moja, ilikuwa na 875,689. Basi mashamba, shule, barabara na hospitali navyo hukusanya watu.

Lakini liko jambo liwezalo kupunguza watu upesi kuliko kukosa reli. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilifika Kipkelion. Watu walihama nyumba zao, na hata watawa Wakatoliki wa Trappist, waliokuwa na monasteri yao pale tangu mwaka 1956, walihamia Uganda mwaka 2008. Kilichokusanywa kwa miaka zaidi ya 100 kilitawanywa kwa siku chache.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukitaka Longisa ikue, tuombe barabara njema, naam. Lakini kwanza tuhakikishe kwamba kila aliyefungua duka au kulima shamba kwetu, awe wa kabila lolote, aweza kulala usiku bila hofu. Karani wa hesabu huandika majina ya waliolala nyumbani, wala hawezi kuwaandika waliokimbia.