Tusimsifu tu, Tumshikie Zamu

Katika sharika zetu tunajua kumwombea mgonjwa. Jina lake hutajwa kwenye sala ya kanisa, na Chakula cha Bwana hupelekwa hadi kitandani pake. Lakini yule anayemuuguza, mara nyingi binti au mkamwana, tunamwachia neno moja: vumilia, huo ndio msalaba wako.

Neno hilo ni la kikatili hata likisemwa kwa upole. Mtu amemuuguza mama mwenye kiharusi kwa miaka, akimgeuza, akimwogesha, akimlisha, akiamka usiku kila anapoitwa. Siku anapolia au kufoka, tunanong'ona kwamba imani yake imepungua. Sivyo. Amechoka.

Musa alipomwambia Mungu kwamba mzigo umemshinda, hata akaomba afe, Mungu hakumkemea. Alimpa wazee 70 wauchukue pamoja naye (Hesabu 11). Eliya naye alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Mungu alitoa wasaidizi, chakula na usingizi. Sisi tunatoa mawaidha!

Wapo watakaosema: amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu wazazi. Ni kweli, wala sipunguzi hata nukta. Lakini amri hiyo wamepewa watoto wote, si binti mmoja aliyebaki nyumbani huku kaka zake wakituma pole kwa simu. Na huo msalaba tunaomtwika, tukumbuke kwamba hata wa Bwana wetu ulibebwa na Simoni Mkirene njiani kwenda Golgotha.

Tazameni jumuiya zetu zinavyowatembelea wagonjwa. Tunaimba, tunasali, kisha tunakunywa chai aliyoipika yuleyule ambaye hajalala. Tumemwongezea kazi, tukaiita huduma.

Basi kila jumuiya iandike zamu. Watu wawili, wanaume wakiwamo, wakae na mgonjwa nusu siku kila juma, ili anayemuuguza alale, aende sokoni, au aje ibadani bila kutazama saa. Wakija, waje na chai yao. Na kabla ya kuuliza hali ya mgonjwa, wamuulize yeye: wewe u hali gani? Kisha wanyamaze, wamsikilize.