Anayefunga Mlango Aseme Atafungua Lini

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi, akiisha kuipita Hedaru na kabla hajaingia Same mjini, hufika Makanya. Mji huu mdogo wa barabarani unajulikana kwa mkonge, kwa jasi ichimbwayo katika ardhi yake, na kwa reli ya Tanga iliyojengwa zama za Wajerumani. Siku hizi, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, jioni utakuta pia kibanda cha gemu: televisheni moja, mashine moja kuukuu, pedi mbili zilizoviringishwa utepe, na vijana wanaongoja zamu zao huku sarafu ziko mkononi.

Hivi karibuni nilisimama mlangoni mwa kibanda cha namna hiyo. Vijana wawili walikuwa wakicheza kandanda ya kwenye kioo, na wengi wa wanasoka waliokuwamo katika timu zao wamekwisha kustaafu kitambo. Baada ya kuamkiana nikamwuliza mwenye kibanda kwa nini hawachezi toleo jipya. Akajibu kwa heshima: "Mwalimu, jipya lipo, lakini halikutengenezwa kwa mashine hii."

Kijana huyo alisema kweli. Mashine yake ilikuwa PlayStation 2, na mchezo wa FIFA 14, uliotoka mwaka 2013, ndio uliokuwa wa mwisho katika mfululizo wake kutengenezwa kwa mashine hiyo. Mashine kuzeeka ni jambo la kawaida. Hata gari huzeeka, vipuri vyake vikaadimika. Lakini yupo mchezaji mwingine ambaye kilio chake si cha uzee. Huyo ana mashine mpya, yenye nguvu zote zinazohitajika, na bado anaambiwa kwamba sehemu ya pili ya mchezo alioupenda haitafika kwake, kwa kuwa imeuzwa iwe ya mashine ya kampuni nyingine peke yake. Kadhia hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Najua wapo ndugu wasomaji watakaosema hayo ni mambo ya kitoto, na kwamba mtumishi wa umma hana nafasi ya kuyafikiri. Nawaomba wasitupe gazeti kwanza. Aghalabu jambo dogo la watoto hutuonyesha waziwazi lile kubwa ambalo sisi watu wazima hutiliana saini bila kulisoma.

Tuanze na yaliyotokea. Mwezi Agosti mwaka 2014, katika maonyesho ya michezo ya video yaliyofanyika mjini Cologne, Ujerumani, ilitangazwa kwamba mchezo uitwao Rise of the Tomb Raider ungetoka mwishoni mwa mwaka 2015 kwa mashine za Xbox za kampuni ya Microsoft tu. Mchezo huo ulikuwa mwendelezo wa Tomb Raider ya mwaka 2013, ambayo ilichezwa katika Xbox, katika PlayStation ya kampuni ya Sony, na katika kompyuta. Watu waliokuwa wamenunua sehemu ya kwanza kwa ajili ya PlayStation, wakaifuata hadithi hadi mwisho wake, sasa waliambiwa kwamba hadithi inaendelea katika nyumba ya jirani, na kwamba mwenye kutaka kuisikia anunue nyumba hiyo.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. Wapo walioapa kwamba hawatanunua tena kitu cha kampuni hiyo. Wapo walioandika kwa adabu wakiomba uamuzi ufikiriwe upya. Na wapo, ni lazima tuseme, waliotumia matusi dhidi ya mafundi ambao huenda hawakuwamo hata katika chumba cha mazungumzo. Siku chache hazikupita, kiongozi wa Xbox, Phil Spencer, akakiri kwamba mapatano hayo yalikuwa na muda wake. Kumbe mlango haukufungwa milele! Mchezo ulitoka kwa Xbox mwezi Novemba 2015, kwa kompyuta mwezi Januari 2016, na kwa PlayStation 4 mwezi Oktoba 2016, yaani miezi kumi na mmoja tu baada ya siku ya kwanza.

Tujiulize basi: watu wale walikasirishwa na nini hasa? Je, ni kungoja miezi kumi na mmoja? Sidhani. Watu hungoja muda mrefu kuliko huo kwa mambo mazito zaidi. Kilichowaudhi ni kwamba siku ile ya kutangaza walielezwa habari ya kufuli bila kuelezwa habari ya ufunguo. Mtu aliyeweza kungoja kwa subira alisukumwa adhani kwamba hana njia ila kununua mashine ya pili. Huo si ushindani wa biashara; ni kumtisha mteja kwa kumficha nusu ya habari.

Sasa tutazame mfano wa pili, maana haki haina budi kutazama pande zote. Mwaka 2012 kampuni ya Nintendo ilitangaza kwamba mchezo wa Bayonetta 2 ungekuwa wa mashine yake ya Wii U peke yake. Sehemu ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2009, ilikuwa imechezwa katika PlayStation 3 na Xbox 360. Hapa pia wachezaji walilalamika sana. Lakini mafundi wa PlatinumGames, waliokuwa wakiutengeneza, walikuwa na jawabu ambalo wa mfano wa kwanza hawakuwa nalo: bila ya fedha za Nintendo mchezo wenyewe usingekuwapo. Mkono mtupu haulambwi. Mchezo ulipotoka mwaka 2014, mnunuzi wa Wii U alipewa na sehemu ya kwanza, ili asiingie katikati ya hadithi asiyoijua.

Mifano hii miwili kwa mbali inafanana, kwa karibu inatofautiana. Katika mmoja, mwenye fedha alikuta mfululizo unaopendwa na wengi akalipia mlango wake ufungwe kwa muda. Katika mwingine, mwenye fedha alilipia kitu kizaliwe. Aliyekosa mashine anaumia katika hali zote mbili, na maumivu yake ni ya kweli; lakini hukumu haiwezi kuwa moja.

Ndugu zetu wa Upare hawahitaji kwenda Cologne ili kuielewa tofauti hiyo. Wao wana ndiva. Ndiva ni bwawa la asili ambalo wazee walilichimba mlimani, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha na kufunguliwa asubuhi ili yaende mashambani kwa zamu. Asiyejua akipita usiku akaona maji yamezuiwa, atadhani kuna choyo. Ajuaye hatanung'unika, kwa sababu anaifahamu saa ya kufunguliwa, anaifahamu zamu yake, na anafahamu kwamba yeye au babu yake alishiriki kuichimba au kuizibua ndiva ile. Maji hufungwa ili yawe mengi, yafike mbali.

Lakini bonde hilohilo lina somo jingine. Maji yateremkayo kutoka Vudee na kupita Bangalala ndiyo yanayotazamiwa chini huko Makanya, ambako mkulima hutegemea zaidi mafuriko ya msimu kuliko zamu ya kila siku. Wa juu akifunga bila kumjali wa chini, wa chini hana la kufungua. Kwa hiyo kuna kufunga kwa mapatano, na kuna kufunga kwa mabavu. Maji ni yaleyale na tope ni lilelile. Tofauti iko katika kauli iliyotangulia kufunga.

Tukirudi katika mambo ya taifa, sisi wenyewe tumekwisha kuonja pande zote mbili. Mwezi Agosti mwaka 2018, chaneli za ndani zinazotazamwa bila malipo ziliondolewa katika ving'amuzi vya DStv, Zuku na Azam, kwa sababu leseni za kampuni hizo hazikuwaruhusu kuzibeba. Sheria ilikuwa na hoja yake: chaneli ya bure haistahili kulipiwa kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo mwananchi aliyekuwa na king'amuzi kimoja sebuleni aliona jambo moja tu, kwamba ili apate taarifa ya habari aliyoizoea alitakiwa anunue king'amuzi cha pili. Baadaye milango hiyo ilifunguliwa tena, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutoa fedha. Je, kilio cha baba yule kilikuwa tofauti na kilio cha mchezaji wa PlayStation mwaka 2014? Maneno ni mengine, jambo ni moja.

Kwa upande mwingine, mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini na Azam mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha Ligi Kuu katika televisheni, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hii nayo ni haki ya pekee. Mtu wa Makanya asiye na king'amuzi hicho ataitazama Simba na Yanga katika banda la kulipia, au ataisikiliza redioni. Ni hasara kwake. Lakini fedha hizo huingia katika vilabu, zikiwamo timu ndogo za mikoani zisizo na mfadhili, na muda wa mkataba ulitangazwa hadharani tangu siku ya kwanza. Mwananchi anaweza kuhesabu miaka na kuhoji, muda ukiisha, kama masharti yabaki yaleyale. Hiyo ni ndiva yenye saa.

Kutokana na hayo, naona yapo maswali matatu ambayo kila mwenye kudai haki ya pekee apaswa kuyajibu mbele za watu. Kwanza, je, fedha yako imezaa kitu, au imezuia tu kilichokuwapo? Pili, mlango utafunguliwa lini? Tatu, aliyekuwa ndani tangu mwanzo, akakupa fedha na mapenzi yake, umemwekea nini? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo hana haki ya kushangaa watu wakimkasirikia.

Kwa vijana nina neno pia. Hasira yenu ina msingi, lakini msiiharibu kwa matusi. Fundi anayechora na kuandika mchezo ni mfanyakazi kama mlivyo ninyi, na mara nyingi habari ya mkataba huifahamu siku ileile mnayoifahamu ninyi. Ulizeni swali la muda, tena kwa sauti kubwa. Mwaka 2014 kelele zile hazikuuvunja mkataba, lakini siri ya muda haikukaa. Na hilo peke yake lilimwokoa mtu mwenye kipato kidogo asinunue asichokihitaji.

Neno langu kubwa zaidi, hata hivyo, ni kwenu walimu na watumishi wenzangu. Gemu ikifungiwa katika mashine moja, kijana atakosa starehe, atapata nyingine. Je, kitabu kikifungiwa? Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Haya ni mema, na kwa sababu ni mema yatawavutia wauzaji. Ipo siku atakuja mtu nadhifu katika ofisi ya shule au ya halmashauri, mwenye programu nzuri ya masomo. Atakupa mwaka wa kwanza bila malipo. Kazi zote za wanafunzi, alama zao na maandalio ya masomo yataingia humo. Mwaka wa tatu utaambiwa kwamba toleo jipya linafunguka katika vifaa vya kampuni yake tu, na ya zamani haitahudumiwa tena. Hapo utakuwa umesimama alipokuwa mchezaji wa PlayStation mwaka 2014, ila nyuma yako wamesimama wanafunzi mia nne.

Hapana budi basi maswali yale matatu yaulizwe kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mwalimu mkuu aulize: je, kazi za wanafunzi wangu zitasomeka katika kifaa kingine? Ofisa ugavi aulize: mkataba huu una mwisho, na baada ya mwisho huo data ni ya nani? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, yasiachwe katika maneno matamu ya mazungumzo, maana ahadi ni deni pale tu palipo na wa kuidai na cha kuidaia.

Yule mwenye kibanda wa Makanya amekwisha kuyapatia mambo yake dawa kwa kadiri ya uwezo wake. Anaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya mashine nyingine, na kabla ya kununua, aliniambia, atauliza kwanza ni michezo gani itakayoendelea kutolewa kwa mashine hiyo, na kwa muda gani. Ikiwa mtu anayeishi kwa sarafu za watoto anajua kuuliza hivyo, sisi tunaotia saini kwa fedha za umma tutakuwa na udhuru gani?