Fomu za wanafunzi zisiamue mkataba wa mwalimu

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Nafundisha historia katika chuo kimoja cha hapa, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kozi ikiisha, wanafunzi hujaza fomu ya kumpima mwalimu, na fomu hizo hufika mezani kwa wakuu wa chuo kabla mkataba wangu mpya haujafika.

Sikatai mwanafunzi aulizwe. Yeye ndiye ajuaye kama mwalimu alikuja, kama alimaliza kozi, kama aliuza pointi au kuwalazimisha watu kununua silabasi. Asipoyasema yeye, nani atayasema?

Lakini fomu inauliza pia kama mwalimu ameridhisha darasa. Darasani kwangu wanakaa Wabembe, Wabuyu, Wafuliru na Wanyamulenge. Nikifundisha vita vya 1996, sharti nitaje Lueba, walikouawa Wanyamulenge. Nikifika mwisho wa 1998, sharti nitaje Makobola, walikouawa raia kwa mamia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaandika yote mawili. Siku ya Lueba upande mmoja wa darasa hukunja uso. Siku ya Makobola, upande wa pili. Mwalimu anayejua kwamba nyuso zile zitageuka pointi, na pointi zitageuka unga wa nyumbani kwake, atatafuta pa kusimama mapema. Mwaka jana nilisimama kwenye maasi ya Simba ya 1964, nikasema saa zimekwisha. Saa zilikuwepo.

Huko Toronto, Kanada, mwaka 2018, mwamuzi wa mgogoro wa walimu wa Chuo Kikuu cha Ryerson aliamua kwamba fomu za namna hii zisitumike kupima ubora wa ufundishaji mwalimu anapopandishwa cheo. Hapa kwetu fomu hata siri hazina: darasa langu lina watu kumi na wanne. Mwandiko wa kila mmoja naujua, nao wanajua kwamba naujua.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2006 kinalinda uhuru wa utafiti. Kwa mwalimu anayeogopa kufundisha alichokitafiti, uhuru huo umebaki kwenye karatasi.

Naomba agizo moja lenye sahihi yako: maoni ya wanafunzi yamfikie mwalimu ili ajirekebishe, malalamiko ya rushwa yachunguzwe, lakini mkataba usiamuliwe kwa fomu. Waje walimu wenzetu wanaolijua somo, waketi darasani, wasome silabasi. Agizo hilo litufikie kabla mwaka wa masomo haujafunguliwa, ili safari hii nifike Lueba, nifike na Makobola.