Mtandao Wasingiziwa



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa kama ugonjwa hapa Endabash, na hata Karatu mjini. Kompyuta ikisita kidogo tu, kila mtu, mkubwa kwa mdogo, husema, "Mtandao unasumbua," kisha huketi akangoja. Mimi nasema ya kwamba mara nyingi mtandao wasingiziwa bure, na ya kwamba sisi wanafunzi tungeweza kuutambua ukweli kwa dakika kumi, kama tungefundishwa na kuruhusiwa.

Sikatai kwamba mtandao huharibika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nasi Watanzania pamoja na jirani zetu tukapata taabu kubwa. Lakini tangu siku hizo watu wamejipatia msemo. Ukurasa ukichelewa kufunguka utasikia, "Nyaya zimekatika baharini." Bahari yenyewe wengi wetu hatujaiona, tunalolijua ni Ziwa Eyasi, nalo halina waya.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Mwaka 2025 dada yangu, aliyekwisha maliza Kidato cha Nne, alitaka kubadili tahasusi yake kutoka HGL kuwa CBG katika mfumo wa Selform wa TAMISEMI, kwa maana nia yake ni kazi ya utabibu. Zilibaki siku nne tu dirisha lifungwe. Baba akauza madebe mawili ya mahindi ili tupate nauli, tukaenda Karatu kwenye duka moja la steshenari. Ukurasa ukafunguka nusu, ukakwama hapo. Mwenye duka, mzee mpole sana, akasema, "Wanangu, mtandao umelala. Rudini kesho." Kesho yake tukarudi, mambo yakawa yale yale, ingawa mzee alikuwa amenunua kifurushi kikubwa zaidi asubuhi ile. Nililoliona mimi, wala sikuthubutu kulisema mbele ya watu wazima, ni kwamba vijana wawili benchini walikuwa wakitazama mpira kwa simu zao, kwa mtandao ule ule wa duka, na picha haikatiki hata mara moja.

Siku ya tatu alipita fundi mmoja kijana kuchukua wino wa printa. Akamwamkia mzee, akasikia malalamiko yetu, akaomba kiti. Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza: hakugusa intaneti kabisa. Aliiagiza kompyuta iiulize ruta iliyokuwa ukutani, hatua tatu tu kutoka pale, "Upo?" na kuhesabu muda wa jibu. Amri hiyo huitwa ping. Aliitunga Mmarekani mmoja, Mike Muuss, mwezi wa Desemba 1983, alipokuwa akitafuta kosa katika mtandao wa kazini kwake, naye akaipa jina la mlio wa chombo kinachotafuta vitu majini kwa mwangwi. Imo katika kompyuta karibu zote, wala hailipiwi.

Majibu yakaja: milisekunde 900, kisha 3, kisha 1,200, kisha kimya. Fundi akatoa kompyuta yake ya mkononi, akauliza ruta ile ile kwa Wi-Fi ile ile: milisekunde 2, 2, 3, 2. Akacheka. "Mzee, mtandao wako mzima. Mgonjwa ni huyu," akaigonga kompyuta ya duka begani.

Hapo ndipo nilipofahamu ujinga wetu. Jibu likichelewa kutoka ukutani, bahari imekosa nini? Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, maji yasipofika shambani, huanza kutazama mlango wa jaruba lake mwenyewe. Asipoona kitu ndipo hupanda na mfereji hatua kwa hatua. Hakimbilii kuwagombeza walio kwenye chemchemi. Na kule kununua kifurushi kikubwa kulikuwa ni kuongeza maji mferejini ilhali mlango wa jaruba umezibwa na tope.

Fundi akaunganisha kompyuta na ruta kwa waya: milisekunde 1. Basi ruta haina kosa, na kosa limo katika upande wa Wi-Fi wa kompyuta. Je, ni kile kipande chenyewe kimekufa, au ni programu inayokiongoza? Programu hiyo mafundi huiita draiva, ndilo lile lile neno la dereva wa gari, na kazi ni moja. Windows haijui kusema na kila kipande cha kila kiwanda. Draiva ndiye mkalimani wao. Habari ikifika kwenye kadi ya mtandao, kadi humbishia hodi prosesa, na draiva ndiye afunguaye mlango. Akisinzia, habari hukaa nje. Tena nimejifunza baadaye kwamba hata draiva wa kifaa kingine, kama cha sauti au cha picha, akiishikilia prosesa kupita kiasi, mtandao nao hungoja zamu.

Ili kujua, akachomeka fleshi yenye Linux, akaiwasha kompyuta kwa hiyo bila kufuta kitu. Kadi ni ile ile, draiva mwingine. Ping ikatoa milisekunde 2. Kumbe kipande ni kizima! Mzee akakumbuka ya kwamba wiki mbili nyuma Windows iliwekwa upya, na aliyeiweka aliacha ijichagulie draiva yoyote. Fundi kwanza akaondoa ruhusa ya kompyuta kuizima kadi ili kubana umeme. Hali ikapata nafuu kidogo tu. Kisha akapakua kwa simu draiva ya kiwanda kilichoitengeneza kompyuta ile, akaiweka, akaizima na kuiwasha. Ikawa 2, 2, 2. Dada alimaliza shughuli yake kwa robo saa. Mzee alikuwa karibu kuagiza ruta mpya.

Lakini siku ya kwanza tulikuwa na mvulana mmoja aliyetoka mbali kuliko sisi, akaambiwa naye arudi kesho. Hakurudi. Sijui kama alipata nauli nyingine.

Kwa hiyo, walimu wetu na wazazi wetu, naomba mambo mawili. La kwanza, somo la kompyuta lisiishie kutaja majina ya vipande. Tufundishwe kuuliza: je, vifaa vingine vina taabu hiyo hiyo? Je, ruta hujibu upesi? Ni nini kilichobadilishwa kabla taabu haijaanza? La pili, kila kompyuta iwe na daftari lake, liandikwe tarehe, kosa lililoonekana, na kila kilichowekwa au kuondolewa. Laiti mzee yule angekuwa na daftari, asingepoteza hata siku moja.

Najua hofu ya walimu, kwamba tutaharibu mali ya umma. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini ping haiharibu kitu; ni kuuliza tu. Kubadili draiva na kuwe kazi ya mwalimu, baada ya kuandika ile ya zamani ilikuwa toleo gani, na Windows yenyewe ina njia ya kuirudisha. Wala asithubutu mtu kupakua zile programu zinazojitangaza ati zitatengeneza draiva zote kwa mara moja. Nyingi huleta matangazo, na nyingine huleta virusi. Draiva ichukuliwe kwa aliyeitengeneza kompyuta au kadi, si penginepo.

Daftari moja la kurasa mia nimekwisha nunua. Ninangoja ruhusa tu nilifunge kwa uzi kwenye meza ya kompyuta ya kwanza.

Mwanafunzi,
Kidato cha Tatu