Kabla ya Rangi, Jina Lako Liwe Kwenye Mita



Zamani safari ya biashara kwa sisi wanawake wa visiwani ilikuwa Dar es Salaam, ukizidi sana Tanga au Mombasa. Sasa tumo mpaka Mbinga, mkoani Ruvuma, na vitambaa vyetu, madira na mitandio, kwa sababu msimu wa kahawa ukifika pesa inazunguka. Na mtu akishazoea mahali, kodi ya kila mwezi inamchosha. Anaambiwa kuna nyumba kuukuu inauzwa, bei nafuu, ya kutengeneza tu. Moyo unaruka.

Rai yetu tunaitoa mapema. Dada, ukinunua nyumba kuukuu Bara, usianze na rangi wala vigae. Anza na karatasi, kisha umeme, kisha maji, na vyote hivyo viwe kwa jina lako. Si jina la dalali, si la fundi, si la binamu wa mume anayekaa kule. Lako wewe uliyetoa pesa.

Tunalisema kwa sababu tunaona linavyofanyika. Mwanamke yuko Unguja, anatuma pesa kwa simu, anatumiwa picha za dari ya jipsamu na vigae vinavyong'aa. Mita ya umeme bado ina jina la marehemu aliyejenga nyumba. Siku mita ikigoma na lile deni la zamani likianza kukatwa kila anaponunua umeme, anakwenda ofisini kueleza na anaulizwa: wewe ni nani katika nyumba hii? Jibu hana. Vigae havimjibii.

Tuanze na karatasi, maana hapa ndipo dini inapoingia wazi. Nyumba kuukuu nyingi ni mirathi. Mwenye kukuuzia anaweza kuwa kaka mkubwa tu, na nyuma yake wapo mama mjane, dada walioolewa Songea na wadogo ambao hawajabaleghe. Barua ya serikali ya mtaa peke yake haitoshi kukulinda. Muulize msimamizi wa mirathi ni nani na ameteuliwa na mahakama gani. Kama ni nyumba ya mume na mke, ridhaa ya mke inatakiwa kisheria. Sisi wenyewe tunalalamika kila siku kuwa wanawake wananyimwa mirathi kwao. Iweje tukanunue nyumba ambayo dada wa muuzaji hakuulizwa, halafu tuseme tumepata rahisi? Huo urahisi ni haki ya mtu. Kaa kikao na ukoo mzima, hata kikichukua wiki mbili. Watu wa kule wana adabu ya kikao, na ukikaa nao vizuri utakuwa umepata majirani pia.

Sasa umeme. Mbinga ya zamani iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Mambo yalibadilika mwaka 2018, ilipokamilika njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea na mkoa ukaingia gridi ya Taifa. Kwa hiyo nyumba nyingi za kabla ya hapo zilitiwa waya kidogo kidogo: taa moja ya sebuleni, baadaye soketi moja, baadaye waya umevutwa kwenda jikoni juu ya mbao za paa. Waya ule uliwekwa kwa taa na redio. Wewe unaleta pasi, friji na mashine za kushonea tatu.

Sisi wa cherehani tunajua jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba mashine ya kushonea si mlaji. Ya kawaida ya nyumbani inaweza kufanya kazi siku nzima na isimalize uniti moja. Mlaji ni pasi. Pasi ya wati 1,000 ikichemka saa moja mfululizo ni uniti nzima, na ndiyo inayounguza soketi ya zamani. Toa waya wote, anza upya, na uhakikishe kuna waya wa kuingia ardhini. Milima ile ina radi kali wakati wa mvua. Hilo si la kubana matumizi.

Fundi awe na leseni ya EWURA, na umwombe uione, kwa sababu TANESCO wanataka mchoro na muhuri wa fundi anayetambulika. Halafu mwambie aende taratibu na kuta. Kwetu nyumba kuukuu ni mawe, chokaa na boriti. Kule ni matofali ya kuchoma, na mara nyingi kinachoyashika ni udongo, saruji imepakwa juu tu. Akianza kuchimba kwa nyundo na tindo ili afukie paipu za waya, ukuta wote unalegea. Paipu zipite nje ya ukuta. Hazipendezi, tunakubali. Weka pazia.

Maombi ya umeme siku hizi unaweza kuyafanya kwa simu, na utatakiwa namba ya NIDA. Wengi wetu tunatembea na kitambulisho cha Mzanzibari tu, basi shughulikia NIDA kabla hujapanda boti. Na uliza mapema eneo la nyumba yako linahesabiwa kijiji au mji, maana tofauti ni kubwa: tangu Januari 2022 kijijini kuunganishiwa umeme wa njia moja ni Sh 27,000, na mjini, ukiwa ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, ni Sh 320,960. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali. Anayekuambia umpe mkononi ili "aharakishe" anakula pesa yako na anakutia katika rushwa, na rushwa unajua hukumu yake.

Lipo na la kuvuta waya kwa jirani "kwa muda tu". Tunaliona sana na hatulipendi. Waya mwembamba unapita juu ya uwa, watoto wanacheza chini, na siku nyumba ya jirani ikiungua utamwambia nini? Wiki chache za taa ya sola hazimuui mtu.

Jambo dogo ambalo sisi wa visiwani hutushangaza: kule kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 2021 kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni Sh 1,500. Nyumba ikiwa na mita mbili na hukutoa taarifa, unaweza kukatwa mara mbili.

Kutoka Mbinga mjini ukishuka kwa lami, kilomita kama 66, unafika Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na hapo ndipo wapwani tunaporogwa. Mchanga, mitumbwi, dagaa wanaanikwa. Unahisi uko Nungwi, ila hakuna chumvi. Na ndipo anapotokea mtu na nyumba kuukuu iliyo karibu na maji kabisa. Pima kwanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Nyumba kuwa ya zamani isikutulize, ukitia pesa ya kuipanua ndipo utakapoulizwa.

Na ziwa likiwa mbele ya mlango, watu hudharau bomba. "Maji si haya hapa?" Maji yapo, na kichocho kimo. Anayetumwa na ndoo alfajiri ni mtoto wa kike, siku zote. Kwa hiyo nenda mamlaka ya maji ya mji, au RUWASA kama ni kijijini, uombe mita ya maji kwa jina lako, na ujenge mnara wa tangi la lita 1,000 kabla ya kuta kupakwa lipu mpya. Mabomba ya chuma ya zamani yatoe yote, yameliwa na kutu kwa ndani. Choo na shimo lake vifuate hapo hapo, mbali na mahali pa maji. Halafu, tangi likijaa, tusisahau tulivyofundishwa: kutofuja maji katika udhu hata ukiwa kando ya mto.

Kama unapanga safari, nenda kati ya Juni na Oktoba, wakati wa ukavu, bati likiweza kufunguliwa. Mbinga Julai ni baridi ambayo kanga mbili haziiwezi, chukua sweta. Mvua zikishaanza mwishoni mwa mwaka, fundi wa paa atakuambia kesho mpaka Aprili.