Kuvunjika kwa Koleo

Msomaji, uko uongo mmoja unaosemwa na watu wazima wenye nia njema, nao ni huu: kwamba kijana aliyekosa alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne hawezi tena kuwa mhandisi. Wazazi huusema, majirani huusema, na walimu huusema pia. Mimi ni mwalimu, na niliwahi kuusema. Leo nataka kuupinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nayajua madhara yake.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mwanafunzi katika darasa langu ambaye mikono yake haikujua kutulia. Redio ya bweni ikinyamaza, alipelekewa yeye. Mfereji ukivuja, aliitwa yeye kabla ya fundi. Alitamani kuwa mhandisi wa mitambo. Matokeo yalipotangazwa alikuwa amepata pointi 45, yaani C. Alinijia akaniuliza afanyeje. Nilimjibu kwa sauti ya huruma, "Kijana wangu, uhandisi si wako tena. Tafuta jambo jingine." Alinishukuru akaenda zake, na kwa miaka miwili alibeba abiria kwa pikipiki. Kisha siku moja abiria wake mmoja, fundi wa umeme, alimweleza habari za stashahada. Alipokwisha kujiandikisha chuoni alipita shuleni kunijulia hali, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Sikumwambia kwa kuwa sikujua, na sikujua kwa kuwa sikujitaabisha kuuliza.

Tuitazame kwanza alama yenyewe ambayo watu huiogopa kana kwamba ni hukumu ya kadhi. Katika mtihani wa KCSE hesabu ya mwisho hufanywa kwa masomo saba, na kila somo lina pointi zisizozidi 12. Jumla ni 84. Mwenye pointi 46 huitwa C+, naye hufunguliwa mlango wa chuo kikuu. Mwenye pointi 45 huitwa C, naye huambiwa arudi nyumbani. Je, pointi moja yaweza kupima akili ya mtu, bidii yake, na yote atakayoyajua akifika umri wa miaka thelathini? La hasha! Mpaka ni lazima uwekwe mahali fulani, maana nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini mpaka wa kugawa nafasi ni jambo moja, na mpaka wa uwezo wa mwanadamu ni jambo jingine. Kosa letu ni kuvichanganya viwili hivyo.

Sasa sikiliza niliyopaswa kumwambia kijana yule. Ni kweli kwamba shahada ya uhandisi hutaka C+ ya jumla, tena hutaka alama nzuri katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Lakini mwenye C- aweza kuomba stashahada ya uhandisi katika chuo cha ufundi, akitimiza masharti ya masomo yanayohusika. Mwenye D aweza kuanza na cheti cha ufundi, kisha akapanda. Aliye chini ya hapo aweza kuingia karakana kama mwanagenzi na kuanza ngazi ya kwanza. Na mwenye stashahada aliyefaulu vizuri aweza kubisha hodi katika chuo kikuu na kusomea shahada. Ngazi ipo, na vidato vyake vimeandikwa katika masharti ya vyuo. Anayetaka kuvijua hana budi kuuliza.

Hapo ndipo wapinzani wangu husimama. Husema, "Vyuo vya ufundi ni vya walioshindwa." Maneno haya ni ya ujinga, na historia ya nchi yetu inayakanusha. Pale Mombasa ilijengwa taasisi ya ufundi kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Ilikua ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Nairobi nako, chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1961 kilipewa hadhi ya chuo kikuu mwaka uo huo wa 2013. Ikiwa chuo chenyewe chaweza kuanza katika karakana kikaishia kutoa shahada, kwa nini mwanafunzi asiweze?

Tena mtazame George Stephenson wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1781 katika nyumba ya wafanyakazi wa mgodi wa makaa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane hakujua kusoma wala kuandika. Alilipa ada ya masomo ya usiku kwa ujira wake wa kutunza mtambo. Mtu huyo ndiye aliyejenga reli ya Stockton na Darlington, iliyofunguliwa mwaka 1825. Alianza nyuma ya kila mwanafunzi anayesoma ukurasa huu.

Lakini nisieleweke vibaya, maana kuna uongo wa pili ulio mbaya kama ule wa kwanza. Ni uongo wa wale wasemao kwamba alama si kitu na masomo si kitu, mradi mtu ana kipaji cha mikono. Stephenson mwenyewe hakuamini hivyo. Alijua vema alichokikosa, akamsomesha mwanawe Robert mpaka akafika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na elimu ya mwana ikasaidiana na ujuzi wa baba. Daraja halijui huruma. Nguzo isiyohesabiwa sawasawa itaanguka, hata kama aliyeijenga alikuwa na moyo safi. Aliyepata D katika Hisabati hajafungiwa uhandisi, lakini Hisabati bado inamngoja: atakutana nayo katika stashahada, na atakutana nayo tena katika shahada. Asipoilipa deni lake, hakuna ngazi itakayomfikisha.

Wala sikufichi gharama. Stashahada huchukua kama miaka mitatu, na shahada ya uhandisi kwa kawaida huchukua mitano. Apitaye njia hii hutangulia kuona wenzake wakihitimu na kuajiriwa, naye angali na kalamu mkononi. Ada nazo ni mzigo kwa mzazi. Lakini mwenye stashahada hayuko mikono mitupu njiani: ana kazi anayoiweza, na tangu sheria ya mwaka 2016 ipo bodi inayowasajili mafundi wa teknolojia ya uhandisi. Wengi hufika hapo wakatosheka, na hakuna aibu katika kutosheka na kazi njema.

Basi, msomaji, fanya mambo matatu. Kwanza, usimkubali mtu yeyote akuambie "haiwezekani" kabla hujasoma masharti ya chuo kwa macho yako mwenyewe. Hata mtu huyo akiwa mwalimu wako. Pili, kabla hujalipa ada ya shahada yoyote ya uhandisi, uliza kama imetambuliwa na Bodi ya Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Maana wapo waliosoma kwa miaka mingi ndipo wakaambiwa kwamba shahada zao hazitambuliwi. Tatu, rudi kwenye Hisabati leo, si kesho.

Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema kwamba koleo halina kazi, wala kwamba mhunzi ataushika moto kwa vidole. Walimaanisha kwamba mhunzi wa kweli hufua koleo jingine na kuendelea na kazi yake. Mwanafunzi wangu amefua lake, baada ya kupoteza miaka miwili kwa neno langu moja. Nimelieleza kosa langu hadharani ili wewe usipoteze hata mwaka mmoja.